Ukipiga Simu, Mwulizie Douce

Kindu, Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025

Kwako Kaka Rémy,

Pokea salamu zangu za upendo, na uzigawe kwa wote walio chini ya paa lako kabla hujasoma mstari unaofuata. Wifi Déborah hajambo? Watoto nao? Mkubwa amemaliza mitihani yake, au bado anahesabu kwa vidole akijificha chini ya dawati kama ulivyokuwa ukifanya wewe? Na mgongo wako, tangu ulipoteleza juu ya paa la hospitali ukisafisha mabamba ya umeme wa jua, umepata nafuu? Na Douce, je, hajambo? Tafadhali usiruke swali hilo. Mwambie nimemuulizia kwa jina.

Mimi mwili haujambo. Lualaba imeanza kupungua, na upande wa pili mchanga umetokeza. Gari-moshi halijaonekana tangu Pasaka. Salamu za Mama siziandiki hapa, na utaona kwa nini.

Najua umeshangaa kupata karatasi. Tangu tuwe na simu hujawahi kupata kwangu hata mstari mmoja wa kalamu. Isome ukiwa peke yako, na simu yako uiache katika chumba kingine. Usinicheke. Nitaandika kwa utaratibu, tarehe kwa tarehe, kama nilivyozoea katika daftari langu la jioni. Daftari lenyewe halipo tena. Jumanne nilililisha moto chini ya sufuria ya majani ya sombe, ukurasa kwa ukurasa, na Mama akauliza kwa nini jiko linanuka wino.

Unakumbuka Januari nilipokwambia nataka kuongeza rafu mpya katika Ghala letu la mtandaoni. Ulicheka ukasema ninafungua duka la makufuli katika mji ambao nusu ya nyumba hazina milango. Mpaka hapo Ghala lilikuwa na vifurushi vya programu huria vya kawaida tu: cha kuandikia, cha mahesabu ya shule, cha redio za vijijini, vitu ambavyo mtu yeyote anachukua bure, anavifungua, anavisoma ndani na kuvitumia. Lakini Mama Jeanne, yule mwenyekiti wa akina mama wanaokusanya sauti za vita, alikuja kwangu sekretarieti, hapa ninapochapa na kupiga fotokopi, na mashini yao imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Alisema wamerekodi wanawake wa Pangi, Kabambare na Kailo. Kila mmoja ametaja yaliyomkuta na ametaja jina la aliyemfanyia. Baadhi ya majina hayo, akasema, leo yana ofisi na magari. Aliniuliza kama ninaweza kufunga sauti hizo kwa namna ambayo hata mwizi akiibeba mashini asisikie kitu.

Ndiyo maana niliongeza zana za usimbaji na ulinzi. Wewe mwenyewe ulizikagua. Ya kufunga mafaili, ya kupima sahihi, ya kutunza maneno ya siri. Na wewe ndiye uliyeweka sheria kwamba kifurushi chochote cha rafu hiyo kisitoke bila sahihi mbili, yangu na yako, kila mmoja kwa ufunguo wake. Nilinung'unika siku ile kwa sababu mtandao wa Lubutu unakuja na kuondoka kama mgeni asiyependa chakula. Sasa namshukuru Mungu kwa ukaidi wako, ingawa utaona kwamba hata ukaidi huo ulitaka kutuponyoka.

Tarehe 2 Juni alikuja mtu sekretarieti. Alitaka nakala ya kitambulisho, lakini nilipompa hakuondoka. Alivuta kiti akaketi, akasema nimwite Monsieur Djo. Ana sauti ya chini na viatu visafi kupita kiasi kwa mji wenye matope kama huu. Alisifu kazi yangu. Alilijua Ghala, alijua ni nani wanachukua vifurushi kwetu, hadi redio ile ya Kibombo. Kisha akatoa flash mfukoni, akaiweka juu ya fotokopi yake mwenyewe. Alisema ndani yake mna toleo jipya la zana ya kufungia mafaili, limeboreshwa na wataalamu, na anaomba tu nilitie sahihi na kulitoa. "Njo kazi ya kidogo tu, Mama Nathalie," akasema. Nilimwambia nitalisoma kwanza. Akajibu kwamba anapenda watu wanaosoma.

Nikalisoma, Kaka. Nililiweka kando ya toleo letu, nikalinganisha mstari kwa mstari. Karibu lote lilikuwa lilelile. Palipoguswa ni pale ambapo zana huchagua namba ya bahati nasibu ya kutengenezea ufunguo. Badala ya kuchota namba baharini, sasa inachota katika kikapu kidogo, na mwenye kikapu anajua kila kilichomo. Anayefunga hataona tofauti. Kufuli ni lilelile, linalia vilevile likifungwa. Ila aliyelitengeneza ana funguo zote mfukoni. Na unajua kwamba mashini ya Mama Jeanne kila mwisho wa mwezi hufunga sauti zote upya na kupeleka nakala nje kwa mtandao. Njia hiyo waliomtuma wanaiona. Wanachokosa ni ufunguo tu.

Aliporudi nilimwambia toleo lake lina kosa, siwezi kulitoa. Nilimwambia kwa adabu, kama mwalimu anayemrudishia mwanafunzi zoezi. Hakukasirika. Aliuliza Mama anaendeleaje na goti lake. Hakuna mtu niliyemwambia habari ya goti.

Jumapili, tarehe 8, Mama alichelewa kurudi kutoka kanisani. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikitazama barabara, gari jeusi likasimama, na Mama akashuka anacheka. Monsieur Djo alimshika mkono kumvusha mtaro. Alikuwa amemnunulia mkate na kilo kadhaa za mchele. Mama alimbariki, akamwita mwanangu, akaniambia mbele yake kwamba vijana wa namna hii hawazaliwi tena. Yeye akanigeukia, akasema kwa huruma kabisa, "Mama iko muzuri, lakini amesha zeeka, na barabara ya Kindu iko na moto mingi. Moto moja tu inatosha." Mama akaitikia kwamba ni kweli, vijana hawa wa pikipiki wanaendesha kama wamelaaniwa. Nilichukua mfuko wa mchele kutoka mkononi mwake nikasema asante.

Sasa lazima nirudi nyuma, mpaka mwaka 2002, kwa sababu kuna kitu ambacho hujawahi kukisikia. Wewe ulikuwa upande wa Kibombo, mimi nilikuwa upande wa huku, na tangu hapo kila mmoja alibeba nusu yake akanyamaza.

Unajua kwamba Papa alibaki na foni ya reli, ile redio ya stesheni, hata gari-moshi lilipokoma kutembea. Mlikuwa mmekwenda kwa Baba mdogo Jacques kuvuna mchele, wewe, Mama na Douce mdogo wetu, na njia ikafungwa nyuma yenu. Kila asubuhi Papa aliita Kibombo, na kila mwenye redio alisikiliza, hata wale wenye bunduki. Kwa hiyo Papa na ndugu yake hawakutumia maneno ya siri. Papa alisema neno la siri linamwamsha msikilizaji, lakini hakuna askari duniani anayeamka kwa salamu. Walitumia salamu zenyewe. Salamu ndefu, za kuulizia kila mtu hadi kuku, maana yake ni salama. Salamu ya kukatwa maana yake kuna mtu amesimama nyuma yangu, usiamini ninachosema, ondokeni.

Asubuhi ile nilikuwa nimeketi kwenye benchi ya chumba cha foni, naikumbuka taa ya ile betri ikififia. Papa alikuwa amepata habari njema. Wapadri walikuwa wameruhusiwa kupeleka kigari cha reli hadi Kibombo kuwachukua wanawake na watoto. Alitaka kusema neno moja tu: wote wawe stesheni Ijumaa. Aliogopa betri itakufa kabla hajalisema, basi akaanza nalo. Hakuulizia mtu yeyote. Baba mdogo Jacques alijibu sawa, upesi sana, na taa ikazimika.

Wewe unajua yaliyofuata upande wako. Baba mdogo alisikia salamu iliyokatwa na amri ya kukusanya watu wote mahali pamoja. Nani asingekimbia? Aliwaingiza msituni usiku uleule, na kigari kilipofika Kibombo kilikuta stesheni tupu. Ni wewe uliyembeba Douce homa ilipompata, na ni wewe uliyechimba kwa panga. Lakini ya upande wangu ni haya: taa ilipozimika, Papa alitambua alichofanya. Hakupiga kelele. Aliendelea kushika kile chombo kisicho na umeme na kuulizia watu mmoja mmoja. Jacques, hamjambo? Mama Rémy hajambo? Rémy mwenyewe? Douce je, kikohozi kimepoa? Na kuku? Alimaliza nyumba nzima, akarudia tangu mwanzo. Nilimvuta shati, hakunisikia.

Baadaye, kwenye kilio, alituambia kwamba urefu ni ishara mbaya, kwa sababu betri nayo inaweza kuukata. Ishara iwe jina. Akasema tangu siku ile tutamuulizia Douce kama aliye hai, na asiyemuulizia tutajua hayuko huru. Tulifanya hivyo miaka mingi. Kisha Papa akafa, vita vikawa habari ya watu wengine, na siku moja uliniambia kwa simu kwamba umechoka kuulizwa afya ya mtoto uliyemzika kwa mikono yako. Sikubishana nawe. Hata mimi lilikuwa linanichoma. Tukaacha, na hatukuweka kitu kingine mahali pake. Sisi tunaowafungia watu milango, wa kwetu tukauacha wazi.

Sasa Jumatatu, tarehe 9. Monsieur Djo aliingia sekretarieti na kijana wa mwili mkubwa aliyebaki mlangoni akigeuza wateja, akiwaambia umeme umekatika. Nilimwambia kwamba hata nikitia sahihi, haitoshi, kuna ya pili, na mwenyewe yuko Lubutu. Nilidhani hapo ndipo ukuta ulipo. Akasema, basi tumwite kaka. Aliweka simu yangu mezani, sauti nje, akakunja mikono.

Ukapokea. Nikafikiri: ishara ya Douce haifai, maana tumeacha kumuulizia, na kutomtaja hakutakwambia kitu. Nikashika ishara ya zamani. Nikakata salamu. Sikumuulizia wifi, wala watoto, wala mgongo. Nilisema tu kuna toleo jipya la zana ya kufungia, nimelikagua, tia sahihi yako. Mimi, ambaye hukusimulia hata habari za paka wa jirani kabla sijaomba kitu. Nikasubiri usikie.

Wewe ukacheka, Kaka. Ulisema leo ninaongea kama muntu wa Kinshasa, unité zangu za simu zinakaribia kuisha nini? Ulisema niache ubahili, ninunue nyingine. Kisha ukasema sawa, utakwenda Kisangani kuchukua vipuri, huko mtandao ni mzuri, na utatia sahihi Jumapili tarehe 22, baada ya misa. Ukaniaga kwa kunitania, ukakata. Monsieur Djo alitikisa kichwa, akasema, "Iko kaka muzuri."

Sikulaumu. Papa alikata salamu kwa ajili ya betri, Baba mdogo akasikia bunduki. Mimi nilikata kwa ajili ya bunduki, wewe ukasikia unité. Nimelala na jambo hilo kila siku tangu hapo, na sijui nimcheke nani.

Lililobaki nililiogopa tangu mstari wa kwanza, na nimezunguka sana kabla ya kulifikia. Sahihi yangu nimeitia. Si kwamba waliniibia ufunguo, wala hawakunishika mkono. Jumatatu ileile, ulipokata simu, niliandika neno langu la siri mbele yake, nikatia sahihi toleo lake kwa ufunguo wangu halali. Kifurushi kiko mlangoni pa Ghala kikingoja chako. Na kuna jambo baya zaidi. Uliposema sawa, nilipumua. Niliwaza kwamba wewe ukitia sahihi basi yamekwisha, Mama atakwenda kanisani, nami nitapiga fotokopi zangu, na yatakayowapata wale wanawake yatakuwa yametokea mbali, ndani ya mashini, bila sauti. Niliwaza hivyo kwa utulivu kabisa. Monsieur Djo ananitisha, lakini yule Nathalie aliyepumua ananitisha kumzidi, kwa sababu yeye haondoki jioni.

Jioni hiyo Mama alipika ule mchele. Kijiko kilishindwa kupanda. Nilisikia tena moyoni sauti ya mwanamke mmoja wa Kabambare, ile aliyonipa Mama Jeanne mwanzoni ili nijaribu zana kama inafunga. Ana namna ya kusimama kabla ya kutaja jina, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuingia majini. Kisha analitaja. Yeye alilitaja, Kaka. Basi na mimi nimetaja langu.

Sasa fanya haya. Usitie sahihi, hata nikikupigia, hata nikilia. Chukua ile karatasi ya kuua ufunguo wangu, tuliyoichapisha siku tulipoutengeneza, uliyoiweka ndani ya sanduku la bati la Papa. Siku unaposoma barua hii, si kesho yake, uingize maneno yake kwenye mtandao wa hospitali, na ufunguo wangu ufe. Najua maana yake. Kila kifurushi kilichowahi kutoka na jina langu kitaonekana chekundu mahali pote, na watu nisiowajua, wa nchi nisizozijua, watasema Nathalie wa Kindu si wa kuaminiwa. Watakuwa wamesema kweli. Lakini mashini ya Mama Jeanne itakataa chochote chenye sahihi yangu. Mwanzoni kabisa nilimfundisha kitu kimoja: akiona jina langu limekuwa jekundu, asinitafute, asinipigie, abebe mashini avuke mto. Siwezi kumwendea mwenyewe. Gari jeusi linashinda karibu na nyumba yake, nikionekana kwake hawatangoja tarehe 22.

Kuhusu Mama. Anayekupa barua hii ni yeye. Albertine, yule anayepeleka mawese hadi Lubutu, ameniahidi kumpakia kwenye pikipiki ya shemeji yake kesho alfajiri, kwa njia ya Punia, polepole, kwa kulala njiani. Majirani wanajua amekwenda kilioni Kailo. Mama mwenyewe anajua anakuja kuwaona wajukuu, na amefurahi hata nikaona aibu. Barua nitaishona ndani ya mto wake wa kuegemezea goti. Nimemwambia ni wewe tu utakayeufungua, kwa sababu ndani kuna dawa. Kama amefika ana hasira kwamba nimempakia juu ya pikipiki baada ya yote aliyosema juu yao, mwache anung'unike, mkande goti kwa maji ya moto, na usimwambie kitu mpaka nikwambie.

Utauliza kwa nini sikuja naye. Kama nyumba ingekuwa tupu Ijumaa, wangeanza kututafuta njiani Ijumaa hiyohiyo. Sekretarieti ikiwa wazi, na mimi nikiwa ndani, watamkosa Mama kanisani Jumapili tu, na nitasema ni kilio. Mpaka tarehe 22 wananihitaji. Ukiua ufunguo, hawatanihitaji tena. Sijui kama nitapata nafasi ya kufika mtoni kabla yao. Nimeacha viatu vya kukimbilia chini ya mashini ya fotokopi. Naandika hivi ili ujue nimefikiri, si kwamba mimi ni jasiri. Tangu asubuhi, kila pikipiki inapopunguza mwendo nje, kalamu inasimama.

Nisalimie wifi Déborah, mwambie yale maharage aliyonipa yameota. Wabusu watoto, mkubwa kwa mitihani, mdogo kwa kuwa mdogo. Msalimie Baba mdogo Jacques ukipita Kibombo siku moja, na umwambie alichofanya Papa baada ya taa kuzimika. Anastahili kujua kabla hajafa.

Simu yangu ikilia kwako, usiseme kitu, ngoja nianze mimi. Nikikuuliza Douce hajambo, niko mahali pema, nijibu kwamba hajambo, anacheza. Nisipomuulizia, Kaka, kata simu, hata kama sauti ni yangu.

Ni mimi dada yako,

Nathalie Ngandu

Msalimie Douce.